Kipande cha Mwisho

"Simama."

Mtaalamu wa kompyuta hakusimama. Alishuka ngazi za hospitali tatu tatu, laptopu kifuani. Sindano, jasusi wa idara isiyo na kibao mlangoni, aliruka reli akamwangukia mgongoni. Mdomo wa bastola yake ya Glock ukagusa kisogo.

Saa nne kasoro dakika tatu, asubuhi.

Redio ikakoroma. Fundi mkuu, kutoka chumba cha seva. "Sindano, pakiti za data zinaingia kwenye kompyuta ya oksijeni. Vipande vidogo vidogo. Kila kimoja kiko sawa."

Wagonjwa thelathini na mmoja walikuwa wakipumua kwa kompyuta hiyo.

"Umeifanya nini?"

Mateka akatabasamu. "Umechelewa, dada."

Sindano alitamani kulipiga teke tabasamu lile.

"Mabadiliko yake ya programu niliyapitisha bila kusoma," fundi alisema. "Ni shemeji yangu. Ningemkaguaje?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Sindano, aliyekuwa amepitia daftari la wagonjwa, akainama.

"Dada yako kalazwa alfajiri. Wodi ya tatu. Yuko kwenye oksijeni."

"Muongo."

Akamsogezea redio. "Muulize mumewe."

"Ni kweli, shemeji," fundi alisema. "Pumu imembana. Sikukupigia, nilijua uko kazini."

Tabasamu likafutika. Maneno yakamtoka mbio.

"Kiini cha mfumo kinaunganisha vile vipande. Pakiti nzima haitakiwi kuzidi baiti 65,535. Nilifuta mstari unaopima jumla. Kipande cha mwisho, cha saa nne kamili, kikiunganishwa, kitafurika kwenye memori na kompyuta itakufa."

"Tuurudishe huo mstari?"

"Mpaka muizime kwanza. Watakosa hewa. Zuieni vipande vyote kwenye fayawoli, ule ukuta wa kinga wa mtandao. Vyote. Shemeji, fanya haraka."

"Picha za eksirei nazo huja vipande vipande," fundi alisema. "Madaktari watazikosa."

"Wazikose," alisema Sindano.

Vitufe vikasikika redioni. Sindano alihesabu pumzi zake mwenyewe, na aliogopa.

Saa nne kamili.

"Cha mwisho kimefika," fundi alisema. "Kimetupwa. Presha ya oksijeni haijashuka."

Mtaalamu alikuwa analia. "Naomba nimwone dada yangu. Dakika moja tu."

Sindano alimfunga pingu kwenye reli ya ngazi na kurudisha bastola kiunoni.

"Wale thelathini wengine nao wana kaka zao."

Akashuka ngazi, moja moja, bila haraka.