Mkono wa Kushoto wa Saida

"Dada, samahani, kaa chini. Unanizibia."

Zuhura hakukaa. Alikuwa amesimama juu ya benchi katika ukumbi wa mpira wa kikapu wa chuo, viatu mkononi, mtandio umemteremka hadi mabegani, akimkaripia mwamuzi kwa Kiswahili cha Tanga ambacho mwamuzi yule, Mzulu wa watu, hakuambulia hata neno moja. Ukumbi ulikuwa umefurika. Ngoma zilipigwa, vuvuzela zililia, na harufu ya chipsi zenye siki ilijaa hadi kwenye paa.

"Nimekuzibia nini?" alimgeukia aliyesema. "Wewe hata mchezo huutazami. Unaandika tu."

"Naandika mchezo."

"Mchezo unaandikwa?"

"Pasi zilizofika, mipira iliyopotea, nani kachoka na anajifanya hajachoka." Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi hadi kwenye kola, daftari gotini. "Sasa hivi namba saba kapoteza mpira wa nne, na sikuona kaupotezea upande gani. Kwa sababu ya gauni lako."

"Namba saba ni mdogo wangu."

Mwanamume akalitazama daftari, kisha akamtazama Zuhura, kisha akasogea. "Basi simama," alisema. "Lakini simama upande huu."

Hivyo ndivyo Zuhura alivyokutana na Othmani, mwezi wa nne, na kama kuna mapenzi yaliyoanza kwa adabu zaidi ya hapo mimi sijayasikia.

Zuhura alikuwa fundi cherehani mtaa wa La Rochelle, miaka thelathini na mmoja, ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi. Mama yao alifariki Saida akiwa na miaka minne, na tangu siku hiyo Zuhura ndiye aliyekuwa mama, baba na askari. Alikuja naye Johannesburg kwa mjomba wao Twalib, akashona suruali za watu mpaka mtoto akaingia chuo, na chuoni mtoto akaingia timu ya wasichana, anacheza na hijabu yake kichwani. Othmani, Mzanzibari, alikuwa karani wa ghala la mizigo Midrand. Kutwa nzima alihakiki maboksi, na Jumamosi, badala ya kupumzika, alikuja kuhakiki wachezaji. Kocha Agnès, Mkongomani asiye na msaidizi, aliligeuza daftari lile kuwa msaidizi wake.

Walianza na simu. Saa kumi na mbili na nusu jioni, Othmani akisubiri usafiri wa kurudi, simu ya Zuhura ilikuwa ikilia juu ya meza ya cherehani.

"Umekula?"

"Nimekula, laazizi."

"Umekula nini?"

"Mkate na chai."

"Mwanamume mzima, mkate na chai! Njoo Jumamosi, nitakupikia wali wa nazi. Utakuja na daftari?"

"Nije nalo la nini?"

"Uandike vijiko. Nisije nikaambiwa nimepoteza mpira."

Othmani alicheka taratibu, kama mtu anayeogopa kukimaliza kicheko. Zuhura alikipenda kicheko kile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Ikifika saa kumi na mbili alikuwa ameshazima cherehani ili asije akakosa kusikia simu.

Mwezi wa kumi na moja msimu ukaisha. Mashabiki walikuwa na desturi yao: baada ya mchezo wa mwisho walikusanyika kwenye kibanda cha chipsi karibu na robot, taa za barabarani, chini ya maua ya zambarau ya mijakaranda, na kila mmoja akataja watano wake wa kuanza msimu ujao. Ubishi wake ulikuwa mtamu kuliko mchezo wenyewe.

"Ule murefu wa kati, batamufundisha kuruka," alisema Pitchou, Mkongomani muuza simu. "Mwaka ujao atakuwa mwengine."

"Anafundishwa kuruka tangu mwaka juzi," alijibu Bakiri, fundi bomba wa Pangani, rafiki wa Othmani. "Yule hata lifti inamchosha. Anzisha wawili wafupi wenye mbio."

"Mwanzisheni nani na nani, mimi sijali," alisema Zuhura, "mradi wa kwanza awe Saida. Pointi kumi na nne kila mchezo! Nani mwingine?"

Wote wakaitikia, maana kumbishia Zuhura kulihitaji kifua. Othmani peke yake alifunga daftari. "Mimi orodha yangu bado haijakamilika," alisema. Hapo Zuhura angeuliza kwa nini. Lakini jioni ileile, wakitembea chini ya mijakaranda, Othmani alimwambia neno jingine lililomsahaulisha yote.

"Zuhura, nikituma watu kwa mjomba wako, watapokelewa?"

"Inategemea wamevaa nini," alisema Zuhura. Kisha akaona mzaha hautoshi. "Watapokelewa, Othmani. Watume."

Barua ya posa ilipelekwa Jumapili, na mshenga alikuwa Bakiri, kanzu mpya na manukato ya kuwatosha watu watatu. Mjomba Twalib aliipokea, akasema majibu ni baada ya wiki mbili. Alipotoka, Bakiri alimnyooshea kiganja Othmani aliyekuwa akimsubiri nje.

"Lete simu."

"Ya nini?"

"Kwetu, posa ikishaingia ndani ya nyumba, mposaji hapigi simu wala hapiti mtaa ule mpaka ajibiwe. Mimi ndiye mdomo wako. Nakujua wewe, huwezi kujizuia. Lete."

Othmani akatoa simu. Huyu ndiye mtu aliyejua kuhesabu kila kitu, na hakuhesabu kwamba kesho yake Jumatatu kocha Agnès angemwita na kumuuliza, mbele ya daftari lake, nani aanze mwaka ujao.

Alhamisi Pitchou alipita dukani kuchukua suruali yake.

"Pole, dada. Bametoa orodha. Saida haiko ku batano."

Zuhura akaweka mkasi chini. "Nani kamtoa?"

"Weye haukujua? Ni bwana yako njo alimwambia kocha Jumatatu. Iko ndani ya daftari."

Hakumsubiri hata atoke. Alipiga simu. Ikaita, ikapokewa.

"Othmani!"

"Othmani hayupo," alisema Bakiri kwa sauti ya heshima. "Hapa ni mshenga. Tulia, bi harusi, maneno ni baada ya majibu."

"Mpe simu sasa hivi!"

"Mila, bi harusi. Mila."

"Muulize basi. Ni kweli kamwambia kocha asimwanzishe Saida?"

Ikasikika minong'ono, kisha Bakiri akarudi, sauti imepungua. "Anasema ni kweli. Anasema angelisema hata mbele yako."

"Lakini hakulisema mbele yangu!" Zuhura akakata simu. Alikaa katikati ya vitambaa akilia kwa hasira, na hasira ile chini yake ilikuwa na aibu. Mtu amekula wali wake, amemsifia mdogo wake mezani, ameleta posa Jumapili, na Jumatatu amekwenda kumkata miguu mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako. Kama aliweza kumficha hili siku moja baada ya posa, ndani ya ndoa angemficha mangapi?

Wiki mbili zilipotimia mjomba Twalib alimwita sebuleni. "Watu wanataka majibu, mwanangu. Ukinyamaza nitajua umekubali."

"Sinyamazi, mjomba. Mwambie nimemweka benchi."

"Benchi ndiyo nini? Ndiyo au hapana?"

"Benchi ni benchi. Yeye ataelewa."

Mzee wa watu akamwambia Bakiri hivyohivyo, neno kwa neno, na Bakiri akaondoka akijikuna kichwa.

Jumamosi iliyofuata Saida alirudi nyumbani kutoka bweni, amebeba mpira kwapani. Zuhura alikuwa amemwandalia maneno ya kumfariji na sahani ya maandazi. Saida alikula maandazi matatu, hakuonekana mtu wa kufarijiwa.

"Dada, kwa nini humpigii simu shemeji?"

"Usimwite shemeji. Hujui alichokufanyia?"

"Najua. Kocha alinionyesha." Akafungua simu, akamsogezea picha ya ukurasa wa daftari. Mwandiko ulikuwa ule wa Othmani, ulionyooka:

*Saida. Asianze msimu ujao. Aingie robo ya pili, mechi ikishatulia. Mipira ishirini na tisa kati ya thelathini na mbili kaipotezea kushoto, kwa sababu anageuka kuutafuta mkono wa kulia. Lakini kushoto ndio mkono wake. Umelazwa tu, haujafa. Apewe muda bila kuharakishwa. Ukiamka, timu nzima itamzunguka yeye.*

Zuhura alisoma mara mbili.

Alikumbuka Tanga, mtoto wa miaka minne, mitano, akishika kijiko kwa kushoto, akipokea vitu vya wageni kwa kushoto. Alikumbuka kofi, si kubwa, la vidole viwili, juu ya mkono ule mdogo. Kulia, Saida. Kulia! Na majirani wakisifu: samaki mkunje angali mbichi. Hakuna aliyemtuma Othmani kumwona mtoto yule, lakini alimwona.

"Ni mimi," alisema Zuhura.

"Ulikuwa unanilea, dada. Kula, nitakula kwa kulia hadi nife. Lakini mpira si ugali." Saida akacheka, kisha akaona macho ya dada yake na akaacha. "Sijakasirika. Nataka tu niruhusiwe."

Zuhura aliinuka, akaenda kwenye kikapu cha vipande, akachagua kimoja cha pamba, kirefu, laini. "Geuka," alisema. Akamfunga Saida mkono wa kulia nyuma ya kiuno kwa fundo la mshona nguo. "Haya. Twende uani. Dunda."

Mpira wa kwanza ulikwenda kwa jirani. Wa pili pia. Kila Jumamosi, Desemba yote na Januari yote, kabla ya mvua za alasiri, jirani alirudisha mipira na Zuhura alifunga fundo. Kufikia mwisho wa Januari jirani hakuwa na mpira wa kurudisha.

Lakini simu ya saa kumi na mbili na nusu haikulia. Zuhura alikuwa akizima cherehani muda ule kwa mazoea, anakaa. Alimkumbuka mno. Alijua sasa kwamba Othmani alisema kweli, na bado lilimuuma kwamba hakuwa yeye wa kwanza kuambiwa. Kiburi nacho hakikumruhusu apige yeye. Na yule mwingine, aliyekwisha kurudishiwa simu yake, aliambiwa benchi, akakaa benchi. Mtu wa benchi hapigi simu. Anasubiri kuitwa.

Mchezo wa kwanza wa msimu ulikuwa Jumamosi ya pili ya Februari, saa nane mchana. Zuhura alivaa gauni la njano alilolishona wiki ile, akamwambia mjomba limeshonwa kwa ajili ya timu. Mjomba alikohoa.

Othmani alikuwa palepale, daftari gotini. Zuhura alikaa safu mbili nyuma yake, kimya, jambo lililowatia wasiwasi mashabiki wote.

Robo ya kwanza Saida alikaa. Robo ya pili kocha alimgusa bega, akaingia. Mlinzi wa wapinzani, aliyemjua tangu mwaka jana, akamsukumia kushoto kama kawaida, akitabasamu. Saida akaenda kushoto. Hakugeuka. Akadunda mara mbili, akampita, na mkono uleule ukautuma mpira katikati ya watu watatu hadi kwa yule mrefu wa kati, ambaye, jamani, aliruka.

Ukumbi ulilipuka. Pitchou alimkumbatia Bakiri. Zuhura alijikuta amesimama, viatu mkononi, analia waziwazi, na kwa mara ya kwanza hakumtukana mtu. Alishuka safu mbili, akakaa.

"Ulijuaje?"

Othmani hakuinua kichwa haraka. "Ile siku ya wali wa nazi. Saida alipokea kikombe kwa kushoto. Kisha akakihamisha kabla hujageuka, kama mtu aliyeiba."

"Ukajua ni mimi."

"Nikajua."

"Na hukuandika."

"Niliandika habari za mchezaji, Zuhura. Wewe si mchezaji wangu."

Neno lile lilimfika Zuhura. "Ungeniambia mimi kwanza, Othmani. Kabla ya kocha. Mimi ndiye niliyesema ndiyo chini ya ile mijakaranda."

"Ningekuambia. Nilijiambia ni mila, ni Bakiri, kanichukulia simu." Akamtazama usoni. "Eish, Bakiri ni mfupi. Ningeweza kumnyang'anya. Niliogopa. Niliogopa utaniacha, nikajificha nyuma ya kanzu yake."

"Hilo ni kosa."

"Ni kosa."

"Liandike."

Othmani akageuza ukurasa mpya na akaliandika kweli, kwa mwandiko wake ulionyooka, huku kipenga kinalia na watu wanapiga kelele pande zote. Zuhura alisubiri amalize nukta. Kisha akamnyang'anya daftari na kalamu, akaandika mstari mmoja chini yake, akaufunika kwa kiganja.

"Wiki kumi na moja," alisema. "Kila siku nazima cherehani saa kumi na mbili."

"Kila siku nashika simu saa kumi na mbili na nusu."

"Mjinga wewe."

"Wa kwako, ukinitaka."

Akamrudishia daftari, kwa mkono wa kushoto, amelinyoosha mbele ya watu wote. Othmani alisoma. Pale palikuwa pameandikwa: *Othmani. Aanze.* Alisoma tena, midomo inacheza, kisha akautazama ule mkono uliokuwa bado umelishika daftari.

"Kwetu Unguja," alisema taratibu, "kumpa mtu kitu kwa kushoto ni utovu wa adabu."

"Hata kwetu Tanga," alisema Zuhura. "Pokea."