Jina la Mashine ya Saba

Mwaka 1997 kiwanda kimoja cha minofu ya sangara kando ya ziwa, Mwanza, kilinunua kompyuta saba. Fundi wao, Mhoja, alitakiwa kuipa kila moja jina lake peke yake, kwani mbili zenye jina moja hazikubaliwi kwenye mtandao. Sita alizipa majina ya samaki. Ya saba, bila kufikiri, akaiandikia Chenge, jina la marehemu babu yake.

Siku ya tatu Rebeka, katibu muhtasi, alisogeza kiti chake mbali na mashine ile.

"Kaka Mhoja, inanuka maziwa. Maziwa ya mama, yaliyochacha."

Mhoja alicheka, akaipangusa. Kesho yake, saa nne asubuhi, mashine ikalia kwa sauti ya mtoto mchanga. Akaibadilisha jina, ikalirudisha. Akachomoa waya wa umeme, na kilio kikahamia mashine ya jirani, kisha iliyofuata, mpaka zote saba zikaandika Chenge kwenye vioo vyao, jambo ambalo yeye fundi alijua haliwezekani, na harufu ile ya maziwa ikamfuata kantini, chooni, hadi kwenye kola ya shati lake, na katika kilio kile akaanza kusikia jambo ambalo kwa miaka miwili hakumwambia mtu.

Alikwenda Kisesa kwa mganga, Bibi Ng'washi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Bibi alisikiliza habari za mashine mpaka mwisho. "Jina hilo ulimnyima nani?"

"Sijamnyima mtu."

Bibi akaanza kukunja mkeka. "Basi nenda."

Mhoja akainamisha kichwa. Kwa sauti ya chini mno akaeleza kwamba Dorotea, mshonaji wa Mabatini, alimletea mtoto wao ampe jina la ukoo, naye akawafukuza mbele ya majirani akisema hawajui. Mtoto alikufa kwa surua hata miezi minne hajatimiza.

"Halafu jina ukaipa kompyuta," bibi alisema. "Ulimkana mbele za watu. Kamkiri mbele za watu."

Alipofika Mabatini, Dorotea alikuwa na wateja wawili. Mhoja alipiga magoti mbele yao.

"Yule mtoto alikuwa wangu. Naomba aitwe Chenge, kama babu."

Cherehani ikasimama.

"Alikuwa wa kike, Mhoja. Hukumfunua hata uso. Mimi nilimwita Kabula, alizaliwa siku ya mvua."

Mhoja alitamani ardhi immeze. Aliinuka, akatoka bila kuaga.

Aliporudi kiwandani mchana, wafanyakazi wote walikuwa wamejibana ukutani, na kilio kilikuwa kimezidi. Kwenye vioo vyote saba jina Chenge lilikuwa limefutika.

"Kaka Mhoja," Rebeka alinong'ona, "Kabula ni nani?"

Meneja alikuwepo. Wapakiaji walikuwa mlangoni. Mhoja aliwageukia wote.

"Mwanangu," alisema. "Nilimkataa."

Kilio kikakatika hapo hapo. Rebeka aliendelea kumtazama, na Mhoja hakujua aweke wapi macho yake.