Gari Lililopungua Kila Siku

Kila siku mchana Harshida alitoka shuleni, akavuka viwanja vya Mnazi Mmoja na mkoba wake begani, akaingia Kariakoo. Hakupitia nyumbani kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye gereji ya baba yake, Bwana Umakant, nyuma ya soko, akanywa kata moja ya maji ya mtungi, kisha akaanza kazi yake. Kazi yenyewe ilikuwa kulitazama gari la kaka yake, Arvind, lisiguswe na mtu asiyehusika.

Lilikuwa gari dogo jekundu la mbio, la watu wawili, lisilo na paa. Mwaka huo wa 1955 Arvind alilipata kwa bei ya kutupa kwa sababu lilikuwa limegonga mti huko Morogoro, na kila mtu aliamini limekufa. Fundi Mrisho alilifufua. Sasa Arvind alitaka kushindana Jumapili ya mwisho wa mwezi, kwenye njia ya vumbi upande wa Pugu. Mpinzani aliyemkosesha usingizi ni Shashikant, ambaye gari lake lilikuwa jipya, lenye injini kubwa, limeshushwa melini mwezi wa Machi. Injini kama ile Arvind hakuiweza, na baba yake alikwisha kusema waziwazi kwamba shilingi yake haitaingia katika mchezo wa kukimbizana.

Kwa hiyo Arvind alifunga safari kwenda Mombasa kutafuta kabureta iliyotumika. Kabla ya kuondoka alimwita dada yake mdogo pembeni.

"Harshida, watu wa Shashikant wanapenda kuchungulia. Fungua macho."

Harshida alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakuna mtu aliyewahi kumpa amri tamu kama hiyo. Aliyafungua macho kweli kweli. Taabu ni kwamba mtu akifungua macho sana, huanza kuona mengi.

Jumatatu aliona bampa ya mbele haipo. Fundi Mrisho alikuwa chini ya gari, miguu tu inaonekana.

"Shikamoo, fundi. Bampa iko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Imekwenda kupumzika," Mrisho alijibu kutoka uvunguni, akaendelea kugonga.

Mrisho alikuwa mtu wa makamo, mkazi wa Magomeni, mwenye maneno machache na utani mwingi. Alikuwa amefanya kazi kwa Bwana Umakant kwa miaka kumi na moja. Ndiye aliyemfundisha Harshida kutambua spana kwa kuipapasa tu, amefumba macho. Siku hiyo Harshida alicheka, akaenda zake.

Jumanne zulia halikuwepo, wala spea tairi. Jumatano milango yote miwili ilikuwa imeng'olewa, na vile viti vizuri vya ngozi vimetoweka. Mahali pa kiti cha dereva palikuwa na kibao chembamba kilichofungwa kwa skrubu nne. Vyuma vilivyobaki vilikuwa vimetobolewa matundu kama chujio la chai.

"Na viti navyo vimekwenda kupumzika?" Harshida aliuliza. Safari hii hakutoa shikamoo.

Mrisho alitupa jicho upande wa lango. Pale langoni alikaa Awadhi, fundi viatu, na wateja wake watatu wanne waliokuwa wakipiga soga huku wakisubiri viatu vyao.

"Usiulize sana, mwanangu," Mrisho alisema kwa sauti ya chini. "Utaona Jumapili."

Jibu hilo lilimkaa Harshida kooni kama mfupa wa samaki. Kwa nini asiulize? Kwa nini fundi anatazama huku na huku kabla ya kujibu swali la viti? Usiku ule alihesabu vitu vyote vilivyotoweka, na kila alipovihesabu, uso wa Fundi Mrisho ulizidi kuwa uso wa mtu asiyemjua. Alikumbuka kwamba Mrisho ana funguo za gereji. Alikumbuka kwamba hucheka peke yake akifanya kazi. Mambo yaliyokuwa ya kawaida kwa miaka yote sasa yalionekana kuwa ya hila.

Alhamisi alipofika karibu na gereji, alimwona Mrisho akitoka na mkokoteni uliofunikwa gunia. Harshida alimfuata kwa mbali. Mrisho alikata kona, akaingia uchochoro wa wauza jumla, akasimama dukani kwa Mzee Polycarp, Mchaga aliyeuza vitunguu na maharage kwa magunia. Harshida alijificha nyuma ya matenga ya nyanya.

Mrisho alifunua gunia. Vilikuwa vile viti, milango na bampa. Akavipandisha kimoja kimoja juu ya mizani kubwa ya kupimia magunia. Mzee Polycarp alisogeza jiwe la mizani, akainama kusoma, akaandika kwenye kipande cha karatasi. Alipomaliza akampa Mrisho kile kikaratasi, naye akakikunja na kukitia mfukoni. Wakacheka wote wawili. Kisha vitu vikaingizwa ghalani, nyuma ya vitunguu.

Sasa, mtoto aliyekulia Kariakoo hujua jambo moja kabla ya kujua kusoma: kitu kikipanda mizani, kimeuzwa. Hakuna anayehangaika kubeba mzigo hadi kwenye mizani ya mtu mwingine kwa kujifurahisha. Harshida hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alitimua mbio hadi gereji, akamkuta baba yake akifunga boneti ya lori la mteja.

"Baba, Fundi Mrisho anauza gari la kaka vipande vipande. Kwa Mzee Polycarp. Nimeona vitu vikipimwa."

Bwana Umakant alikunja uso. Hakuwa mtu wa kukurupuka. "Mrisho? Haiwezekani. Umemwona akipokea fedha?"

Harshida hakuona fedha. Alichoona ni kikaratasi. Alijua hivyo. Lakini alijua pia kwamba akisema "kikaratasi," baba atasema wangoje, na wakingoja, vitu vitapotea. Yeye alikuwa na hakika, na ilibaki kidogo tu baba naye awe na hakika. Basi akaongeza chumvi.

"Ndiyo, baba. Noti. Nimeziona kwa macho yangu mwenyewe."

Mrisho aliporudi na mkokoteni mtupu, Bwana Umakant alikuwa akimngoja langoni, mbele ya Awadhi na wateja wake. Mmoja wao, aliyekuwa amevua kiatu cha kulia, alikuwa dereva wa Shashikant.

"Mrisho, viti vya mwanangu viko wapi?"

Mrisho alishtuka. Akamtazama yule dereva, kisha akarudisha macho kwa tajiri wake. Harshida aliyaona macho yale yakihangaika, akajiambia kwamba huyo ndiye mwizi aliyefumaniwa.

"Vipo, Bwana Umakant. Arvind ndiye aliyeniagiza. Akirudi kesho atakueleza."

"Arvind yuko Mombasa, ni rahisi kumsingizia. Umepokea noti kwa Polycarp au hukupokea?"

"Noti gani? Kamuulize Mzee Polycarp mwenyewe."

"Nikamuulize mwizi kuhusu mwizi mwenzake? Mwanangu ameona. Mwanangu hasemi uongo."

Wateja waliacha kupiga soga. Awadhi alibaki na sindano hewani. Mrisho alimtazama Harshida kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. Harshida alitazama chini. Kisha fundi akafuta mikono yake kwa kitambaa, akaweka funguo za gereji juu ya tairi bovu, akaondoka bila kuaga. Hata kabla hajafika mwisho wa mtaa, neno "mwizi" lilikuwa limeshamtangulia.

Ijumaa mchana Arvind alirudi, vumbi mpaka kwenye kope, amekumbatia kabureta kama mtoto mchanga. Alilizunguka gari mara mbili, akatabasamu.

"Safi sana. Amelikondesha kuliko nilivyotarajia. Yuko wapi huyu bingwa?"

Bwana Umakant akaeleza yaliyotokea, na tabasamu la Arvind likayeyuka.

"Baba, umemfukuza? Sisi hatuna uwezo wa kununua injini kubwa. Mrisho alisema, kama hatuwezi kuongeza nguvu, tupunguze uzito. Kila kitu kisichosaidia gari kukimbia kiondolewe, kipimwe, kiandikwe, tujue tumepunguza ratili ngapi. Hapa gereji hatuna mizani ya kupimia bampa. Mzee Polycarp anayo. Na nilimwapisha Mrisho asifungue mdomo, maana watu wa Shashikant hawabanduki hapo langoni."

Sasa Harshida alielewa kwa nini Mrisho alimtazama yule dereva. Alikuwa akilinda siri ya Arvind, wakati ule ule alipokuwa akivunjiwa heshima mbele za watu.

"Lakini noti," Bwana Umakant alisema polepole. "Harshida, wewe uliona noti."

Bado palikuwa na upenyo. Angeweza kusema labda aliona vibaya, kwamba jua lilikuwa kali, kwamba matenga ya nyanya yalimziba. Maneno hayo yalimfika mpaka kwenye ulimi. Akayameza.

"Sikuona noti, baba. Niliona kikaratasi. Nilisema noti ili uniamini."

Baba yake hakumpiga wala hakumfokea. Alivua koti lake la kazi, akasema, "Twende Magomeni." Njiani, ndani ya gari, alisema jambo moja tu: "Duka la Polycarp ni mwendo wa dakika tatu, nami sikwenda. Leo tutaomba radhi wawili."

Nyumbani kwa Mrisho walipiga hodi mara mbili. Mkewe, Bi Sophia, alisimama mlangoni akawatazama, na neno "karibu" halikutoka kinywani mwake. Harshida hakuwahi kusimama mlangoni mwa mtu bila kukaribishwa, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Mrisho mwenyewe alikuwa uani akitengeneza baiskeli ya jirani.

"Shikamoo, fundi," Harshida alisema, machozi yakimtoka. "Nilisema uongo. Sikuona fedha yoyote. Nisamehe."

Bwana Umakant naye aliomba radhi, akamwomba arudi kazini. Mrisho aliendelea kukaza nati mpaka ikakaa sawasawa.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema hatimaye. "Lakini hapa nyumbani kwangu hakuna aliyeniita mwizi. Niliitwa mwizi pale langoni. Yale uliyoniambia hapa, njoo uyaseme pale kesho asubuhi, Awadhi na wenzake wakiwepo. Nikisikia, nitachukua funguo zangu."

Jumamosi asubuhi Harshida alisimama langoni, mikono imeshika kingo za gauni. Sauti ilimkatika mara ya kwanza, akaanza upya.

"Fundi Mrisho hakuuza kitu chochote cha kaka yangu. Mimi nilisema nimeona noti, na haikuwa kweli. Mwenye kosa ni mimi."

Awadhi aliitikia kwa kichwa, akasema, "Umefanya vizuri kusema, binti." Mzee Polycarp, aliyekuja kushuhudia na aproni yake ya duka, alimpa Mrisho mkono mbele ya wote. Fundi akachukua funguo, akaingia uvunguni, akafunga ile kabureta ya Mombasa. Kutwa nzima Harshida alimpa spana bila kukosea hata moja.

Jumapili magari saba yalijipanga upande wa Pugu. La Shashikant lilinguruma kuliko yote, na palipokuwa pamenyooka hakuna aliyelisogelea. Lakini njia ile ilikuwa na kona nyingi zenye mchanga, na kwenye kila kona lile gari zito lilisita, huku gari jekundu lisilo na milango likikata na kupita kwa wepesi. Shashikant alishinda, ndiyo, lakini kwa urefu wa gari moja tu. Arvind alikuwa wa pili, mbele ya magari matano yaliyolizidi lake kwa injini. Watu walimbeba Mrisho juu juu, naye akicheka huku akijaribu kuokoa kofia yake.

Katikati ya shangwe hiyo Harshida alisikia mtu nyuma yake akimwuliza mwenzake, "Huyo wanayembeba, si yule fundi aliyeuza viti vya tajiri wake?"

Harshida aligeuka. "Hakuviuza. Mimi ndiye niliyesema uongo juu yake."

Yule mtu aliinua mabega. "Mimi sikujui, binti. Nilisikia Ilala, kwa kinyozi wangu." Akageukia mambo mengine.

Harshida alibaki amesimama. Langoni palikuwa na watu watano siku ile. Ilala ilikuwa imesikiaje? Na nani angewaambia watu wa Ilala yale aliyoyasema Jumamosi? Mrisho alikuwa ameshashushwa chini, naye alikuwa amesikia yote. Alimsogelea, akamwekea mkono begani.

"Sikia, mwanangu. Kuwa na mashaka si kosa. Kaka yako alikuambia ulinde gari, ukalilinda. Ungemwambia baba yako ulichokiona, mizani na kikaratasi, ungekuwa umekosea lakini ungekuwa mkweli, naye angeuliza, na mambo yangeishia hapo. Zile noti ulizoongeza ndizo zilizonitoa kazini. Siku nyingine ukisema umeona, sema ulichokiona tu. Usiongeze hata chembe, hata kama moyo wako una hakika kiasi gani. Yale maneno ya noti uliyatamka mara moja, na umeona yamefika wapi. Kuyafuta kutakuchukua siku nyingi."

"Umesikia fundi alivyosema?" Bwana Umakant aliuliza.

"Nimesikia, baba."

Kisha Harshida akapenya katikati ya watu, akamfuata yule mtu aliyekwisha kumpa kisogo, akamgusa kiwiko.

"Samahani, mjomba. Huyo kinyozi wa Ilala anaitwa nani, na yuko mtaa gani?"