Mvua ya Mlimani, Maji ya Bondeni

Mishi alikuwa fundi cherehani katika duka dogo la mtaa wa Satwa, Dubai. Mumewe Wahid alitengeneza magari kwenye gereji ya mtaa wa pili. Walitoka Malindi, na mtoto wao Rumaisa alikuwa na miaka saba.

Mwezi wa Machi, Bi Riziki, mamake Mishi, alikuja kuwatembelea. Kwa wiki tatu aliona maghorofa na maduka tu.

"Kwani nchi hii haina hata kilima?" aliuliza siku moja.

"Ipo milima kule Hatta, Mama," Wahid alimjibu. "Mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Jumapili nitakupeleka."

Bi Riziki alikuwa anarudi Kenya Jumatatu. Hawakuwa na siku nyingine.

Jumamosi alasiri Bi Ghania aliingia dukani kuchukua gauni lake. Alizaliwa hapo hapo Dubai, katika familia ya Kizanzibari. Kazi yake ilikuwa kuwaandalia marubani taarifa za hali ya hewa.

"Kesho tunakwenda Hatta," Mishi alimwambia huku akikunja gauni. "Tutatandika mkeka wadini, lile bonde kavu kati ya milima, tule, mama apunge upepo. Nimetazama kwenye simu. Ni jua tupu."

"Jua la wapi?"

"La hapa mjini."

"Na Hatta kwenyewe umetazama?"

Mishi hakuwa ametazama. Akaandika jina la Hatta kwenye simu. Asubuhi ilikuwa na jua. Lakini kuanzia adhuhuri palichorwa wingu jeusi lenye radi, na chini yake pakawekwa onyo la rangi ya manjano.

Bi Ghania akavuta kiti. "Nisikilize, mwanangu. Miezi hii hewa itokayo baharini huwa na unyevu mwingi. Upepo huisukuma mpaka mlimani. Ikifika hapo hupanda juu, na huko juu kuna baridi. Ule unyevu hugeuka wingu. Ndiyo maana asubuhi utaona mbingu nyeupe, na mchana mvua ikashuka."

"Mvua kidogo si tutaingia garini?"

"Mvua yenyewe si tatizo. Tatizo ni maji. Wadi ni njia ya mto, hata kama mwaka mzima ni kavu. Na milima ile ni mawe matupu, hainywi maji. Yote huteremka bondeni. Inaweza kunyesha mbali, wewe hata tone hujaliona, ukashtukia maji yamekufika kiunoni."

Mishi alifikiria magoti ya mamake, yaliyokuwa yakimuuma kwa miaka. Mtu kama yule angekimbiaje?

"Basi tusiende?" aliuliza.

"Manjano ni kuwa macho. Ingekuwa rangi ya chungwa au nyekundu, ningekwambia mbaki nyumbani. Nendeni mapema. Tazameni utabiri tena kabla ya kutoka, kwa sababu hubadilika. Wadini msikae, kaeni juu. Mkiona wingu limeukalia mlima, ondokeni. Na mkikuta maji yanakatiza barabara, msivuke. Subirini."

Jumapili waliondoka alfajiri, kwa gari ambalo Wahid aliazima kwa arbab wake, mwenye gereji. Onyo lilikuwa bado la manjano. Saa mbili walikuwa Hatta. Bi Riziki aliitazama milima ya rangi ya kahawia, mkono kifuani.

Wahid akaelekeza gari kwenye wadi. Palikuwa tambarare, pana kivuli, na familia moja ilikuwa imekwisha kutandika.

"Hapa hapana, Baba Rumaisa," Mishi alisema.

"Mbingu iko wazi. Na Mama atapandaje kule juu?"

"Nitamshika mkono mmoja, wewe mwingine."

Wahid alinuna. Lakini Bi Riziki alikuwa ameshafungua mlango. "Nipandisheni polepole," alisema. "Nimetoka Malindi kuja kuona milima. Huku chini nitaona nini?"

Waliacha gari pembeni ya barabara, mahali pa juu. Kupanda kuliwachukua karibu nusu saa, wakipumzika mara tatu.

Saa tano na nusu, wingu zito lilikalia vilele vya mbali. Pale walipokuwa jua lilikuwa linawaka.

"Tuondoke," Mishi alisema.

"Wali hata hatujaufunua," Wahid alisema.

"Tutakula njiani."

Wahid alipomteremsha Bi Riziki kuelekea garini, Mishi alisimama ukingoni mwa wadi akaiita ile familia. Walikuwa Waganda. Mama mwenye watoto, aitwaye Cissy, aliinua macho.

"Mbona hapanyeshi, dada?"

"Huku bado. Kule mlimani kunanyesha. Maji yanakuja, pandeni tafadhali."

Cissy alitazama mawingu, akawatazama watoto wake. Akakusanya vitu, wakapanda wote ukingoni. Hazikupita dakika kumi, wakasikia mngurumo kama wa lori linalomwaga kokoto. Maji ya udongo yakaja kwa kishindo, yakisukuma mawe na matawi, yakafunika mahali walipokuwa wamekaa. Cissy alikaa chini, akawakumbatia watoto wake.

Magari mawili, lao na la akina Cissy lililokuwa pia juu barabarani, yakaondoka pamoja. Mbele kidogo, maji yalikuwa yanakatiza barabara. Wahid alipunguza mwendo.

"Ni ya kifundo cha mguu. Gari hili liko juu, litapita."

"Chini huoni," Mishi alisema. "Labda lami imekatika."

Wahid alikanyaga breki. Alikwisha kuona gerejini magari yaliyokokotwa kutoka majini, injini zimejaa tope. Akarudi nyuma, mahali pa juu, akazima gari. Punde shina zima la mti likapita barabarani, likizunguka kama kijiti.

"Tungekuwa pale," alisema kwa sauti ndogo.

Walisubiri. Wali ukafunuliwa, familia mbili zikala pamoja, na Bi Riziki akamlisha mtoto mdogo wa Cissy kwa mkono wake. Saa tisa maji yalipungua. Polisi walikagua barabara, wakawaruhusu kupita. Jumatatu Bi Riziki alipanda ndege salama.

Mwezi wa Aprili, mafundi wa gereji walipanga kwenda mlimani na familia zao. Safari hii Wahid mwenyewe ndiye aliyetazama utabiri wa huko. Onyo lilikuwa la rangi ya chungwa.

"Wiki hii hatuendi," aliwaambia. Wengine walinung'unika, lakini wakakubali.

Jumapili iliyofuata mbingu zilikuwa safi, mlimani na mjini, na hapakuwa na onyo lolote. Waliondoka alfajiri, familia tano. Mvua ya wiki iliyopita ilikuwa imeacha majani mabichi katikati ya mawe. Rumaisa aliyachuma machache akamletea mamake, na Mishi akayanusa. Yalinuka udongo uliolowa.