Sweta ya Kambere

Jirani yetu wa mtaa wa Mapendo, Kambere, aliishi kwa machozi ya watu, na aliishi vizuri. Filamu zake zilihusu wakimbizi, wajane, watoto wanaoponda mawe. Zilionyeshwa Ulaya, naye alirudi na vyeti na viatu vipya. Sikatai, kazi yenyewe ilihitajika. Lakini namna alivyoifanya siku ile inanitia kichefuchefu hadi leo.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, jua zuri. Alipanda pikipiki mpaka kijiji cha Munigi kumpiga picha Mukamurenzi, mama aliyefiwa na mwanawe wa miezi minne, Munezero, wiki tatu kabla. Kipindupindu. Mama alieleza yote kwa sauti tulivu, mikono magotini, macho makavu.

Kambere hakuridhika. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma filamu kwenye tamasha, na bila kilio nani angeitazama? Akavua sweta yake, akaiviringisha, akaifunga ndani ya kitenge, akamwekea mama kifuani.

“Mama, mubebe hii sawa vile mulikuwa munamubeba.”

“Apana, papa. Mutoto nilishamuzika.”

“Ni ya filme tu, mama. Watu wakiona, watasaidia bengine.”

Mama akaibeba. Mara ya kwanza mwanga haukufaa. Mara ya pili Kambere akamwomba ataje jina. Mara ya tatu Mukamurenzi akanong'ona, “Munezero,” na blauzi yake ikaloa pande mbili. Maziwa. Kambere hakugeukia pembeni kama mtu mwenye haya. Alisogeza kamera karibu.

Alipomaliza, mama akamnyooshea kile kifurushi, kiganja kimoja kikishika kichwa. Sweta ina kichwa?

“Mumubebe. Kuzika mara mbili siwezi. Huyu ni wenu.”

Kambere akacheka kidogo, akaisokomeza kwenye mkoba.

Kesho yake, ofisini Ndosho, Rosine, mwenzake anayeunganisha picha, alifungua madirisha yote. Chumba kilinuka maziwa yaliyochacha. Wakaifua sweta kwa sabuni, ikazidi kunuka. Rosine akarudi kwenye picha, akaikuza. Pembe ya kitenge, pale kifuani pa mama, ilikuwa ikivutwa ndani. Ikiachiwa. Ikivutwa tena. Kitu kilikuwa kinanyonya.

Akaisimamisha picha. Akasema kwa kunong'ona, “Futa ile sehemu, Kambere. Nakuomba.”

“Ndiyo nzuri kuliko zote.”

Ijumaa akaituma.

Jumapili, katikati ya misa, alihisi unyevu chini ya shati. Akaupapasa, akanusa vidole. Uchachu ule ule. Akatoka mbio, mikono kifuani, sisi tukidhani moyo unamuuma.

Jumatatu alirudi Munigi na sweta yake. Mukamurenzi alikuwa anachambua maharagwe. Hakunyoosha mkono. Alimtazama kifuani tu.

“Ananyonya muzuri?”

“Mama, munisamehe. Nitamuzika mimi mwenyewe.”

“Watu bado wanamuangalia, papa. Mutoto mwenye bado wanamuangalia, mutamuzika namna gani?”

Aliizika hata hivyo. Alichimba kwenye mawe ya volkano ya pale Munigi mpaka kucha zikang'oka, akaifukia sweta na kitenge, akasali. Kisha akaandika barua kuomba filamu irudishwe. Alijibiwa kwa pongezi: imepata tuzo, itazungushwa miji ishirini. Yule mama na kifua chake kilicholoa wanaonyeshwa ukumbi hadi ukumbi, watu wanapiga makofi. Kinyaa kitupu.

Kambere akaiacha kamera. Akawa anavaa koti zito hata juani, akikaa mbali na watu. Harufu ilimtangulia.

Miezi mitatu baadaye maumivu yalimshinda, akaenda zahanati. Nesi aliyempokea, Émérance, hakujua lolote la Munigi. Yeye mwenyewe ndiye aliyetusimulia. Alimfungua shati. Akaenda kufunga mlango.

“Papa,” akanong'ona, “nyumbani muko na mutoto?”

“Apana.”

“Hata wa jirani?”

“Apana. Niko peke yangu.”

Chini ya chuchu ya kushoto kulikuwa na alama mbili ndogo, zimekaribiana, bado mbichi. Meno mawili ya chini.

Munezero alizikwa hajaota hata jino moja.