Benchi la Toba la Kambi ya Pisga

Jua lilikuwa linazama nyuma ya misonobari Vernelle Gadsden alipochukua ufagio kwenda kufagia banda la ibada. Kesho asubuhi mkaguzi wa majengo ya kale anakuja. Akikataa kuiandikisha kambi kuwa urithi wa kuhifadhiwa, kampuni ya mbao itabomoa kila kitu, hata banda hili ambamo watu wake waliimba tangu walipoachwa huru kutoka utumwani. Ndiyo maana mchana walilitoa benchi la toba lililoliwa na mchwa, wakapigilia jipya. La zamani walilichoma, wakachemshia karanga.

"Bibi angetuchapa," binamu yake Cleotha alisema huku akimenya.

"Bibi hakuletewa mkaguzi. Kula."

Bibi alikuwa na neno lake: ukishautua mzigo kwenye benchi lile, usiuulizie tena. Miaka mia na hamsini watu walipiga magoti pale, wakatua waliyotua.

Sasa benchi jipya lilikuwa limelowa. Vernelle aligusa, akaonja kidole.

Chumvi.

Harufu ya moshi na karanga ikamjia. Kisha ubao ukalia... kwii... ukabonyea mahali pamoja. Halafu pengine. Halafu benchi zima, na hapakuwa na mtu.

"Cleotha?" alinong'ona.

Cleotha alikuwa ameegemea nguzo, machozi yakimtiririka. "Nimemzamisha mtoto mtoni, Verna."

"Wewe? Hujazaa, na maji unayaogopa."

"Najua. Lakini namkumbuka. Alivaa kofia ya njano."

Vernelle alitaka kumcheka. Hapo hapo akakumbuka kidole chake mwenyewe, kikiwaonyesha watu wenye mbwa pale alipojificha kaka yake.

Hakuwahi kuwa na kaka.

Walilia wote wawili hadi kulipokucha, kwa dhambi wasizozitenda, na hapakuwa na pa kuzitua.

Mkaguzi alikuja, akaisifu kambi, akatia sahihi. Haitavunjwa tena. Kisha akalikalia benchi kidogo ili afunge kamba za kiatu. Aliinuka taratibu, uso umemshuka.

"Samahani, mama," akamwuliza Vernelle kwa sauti ya chini. "Hapa karibu pana mto?"

Vernelle alilitazama benchi. Mkutano wa ibada wa kila mwaka ulikuwa umebakiza wiki mbili, na mwaka huu kila familia ilikuwa imeahidi kurudi.