Futi Yangu Ilinidanganya

Mimi ni fundi cherehani, na nina hasira. Nakwambia mapema usije ukashangaa huko mbele.

Chumba changu cha kushonea kina cherehani mbili na kioo kirefu cha wateja. Asubuhi nafagia vipande vya vitambaa, natia mafuta cherehani, napasha pasi. Kisha wateja wanaanza kuingia. Huyu gauni linambana, yule suruali inamvuka. Siku nzima futi, ule utepe wa kupimia nguo, inaning'inia shingoni mwangu. Nimepima shingo za watu kwa miaka kumi na tisa.

Siku moja nilimeza mate mbele ya kioo kile. Nikaona kitu kinapanda na kushuka kooni. Kilikuwa uvimbe, upande wa kushoto, mkubwa kama yai dogo. Haukuuma. Nikafanya ninachokijua, nikaupima.

Kila Jumamosi nilizungusha futi shingoni na kuandika sentimita kwa chaki nyuma ya mlango. Thelathini na sita. Thelathini na sita. Thelathini na sita. Mwaka mzima. Mume wangu alinisihi niende hospitali mpaka akachoka. Nilimwonyesha ile chaki. Nikamwambia uvimbe haukui, kwa hiyo si saratani. Nikajishonea magauni ya kola ndefu, na wateja wakausifia mtindo.

Aliyenijaza ujinga ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Huyo anajua kila kitu na hajasomea hata kimoja. Alisema uvimbe usiouma hauna neno. Alisema hospitali kazi yao ni kukata tu, na sauti itapotea. Mimi, mtu mzima ninayebishana na wateja kwa nusu sentimita, nikamsikiliza. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na nusu yake ni juu yangu mwenyewe.

Mwishowe mume wangu alifunga chumba cha kushonea, akatia ufunguo mfukoni.

"Leo hushoni," alisema. "Leo tunaenda."

Nilimnunia njia nzima.

Daktari alinishika shingo, akaniambia nimeze mate. Alisema uvimbe uko kwenye tezi ya thairoidi, tezi iliyo mbele ya koo. Akaagiza nipimwe damu na altrasaundi. Niliuliza kama hiyo altrasaundi itaniunguza. Akasema haiunguzi. Ni mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii. Yanaingia shingoni, yanarudi, na mashine inayageuza kuwa picha.

Daktari wa picha alikuwa mama wa miwani, mtaratibu hadi anaudhi. Alinilaza chali na mto chini ya mabega. Akanipaka jeli ya baridi, akatelezesha kifaa chake shingoni. Uvimbe wangu aliutazama kidogo tu. Kisha akahamia kulia, akakaa huko. Akapima, akarudi, akapima tena.

Nikafura. "Mama, uvimbe uko kushoto," nikasema. "Hata bila mashine unaonekana."

Alimaliza kupima kwanza. Kisha akanigeuzia skrini.

"Wa kushoto nimeuona, dada. Ni mkubwa, lakini umejaa maji matupu. Wa namna hiyo ni nadra sana kuwa saratani. Unaonisumbua ni huu wa kulia."

Wala sikujua kwamba upo. Ulikuwa wa sentimita moja na nusu, na umejificha ndani. Nikamuuliza kitu kidogo vile kina ubaya gani. Naye akaniuliza kazi yangu, nikamwambia.

"Basi utanielewa. Nguo iliyoshonwa vibaya unaijua kwa ukubwa wake?"

Nikamwambia hapana, naijua kwa mapindo na mishono.

"Na mimi hivyo hivyo. Tazama ukingo wake."

Ukingo haukuwa laini, ulikuwa na meno meno. Ndani hamkuwa na maji, ni nyama tupu, nyeusi kuliko tezi yenyewe. Tena ulikuwa umesimama, kimo chake kimezidi upana wake. Na katikati kulikuwa na vidoa vidogo vyeupe, kama vumbi la chaki yangu. Alisema dalili hizi zikikusanyika, hatari inapanda. Daktari anazijumlisha, anaangalia na ukubwa, ndipo anaamua nani achomwe sindano ya kuchota chembe za kupimwa, nani arudi kupimwa baadaye, na nani aende zake nyumbani. Watu wengi wana vivimbe vya tezi, hasa wanawake, na vingi si saratani.

"Picha peke yake haithibitishi saratani," alisema. "Inatuambia tuchome wapi."

Wiki iliyofuata walinichoma sindano nyembamba, wakiongozwa na picha ile ile. Majibu yakaja. Ni saratani, ndogo, haijatoka nje ya tezi. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia kwa hasira. Mwaka mzima nilikuwa napima uvimbe usio na kosa, na wenye kosa umekaa kimya upande wa pili.

Walinikata nusu ya tezi. Sauti ilikwaruza wiki tatu, kisha ikarudi yote, waulize wateja. Napimwa kila wanaponiita, na mpaka leo niko salama. Ile chaki sijaifuta. Naitazama kila ninapofunga mlango, na bado inanichemsha.

Mwezi uliopita wifi alikuja na kitambaa. Alitaka kola ndefu, kama zangu za zamani. Nikamuuliza kwa nini, akasema ni mtindo tu. Nilipoinua futi kumpima shingo, akarudi nyuma.

"Wifi, meza mate," nikasema.

Akameza. Kitu kikapanda, kikashuka. Akaanza kuniambia kwamba hakiumi.

Nilizima pasi, nikafunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni.

"Leo sishoni," nikamwambia. "Leo tunaenda."

Alininunia njia nzima. Acha anune.